Neno Lililoandikwa kwa Msumari: Namna ya Kutengeneza Rangi ya Gari Iliyokwaruzwa



Tangu mlango wa gari ya shule kuwa safi tena, wengi wametusimamisha kiwanjani na kutuuliza: "Mulifanya aje?" Wadogo wetu wa darasa la kwanza wanafikiri ya kwamba tulinunua mlango mpya. Hapana. Mlango ni uleule. Kwa hiyo sisi makapita tumeona ni vizuri kueleza kazi yote kwa maandishi, kwa faida ya kila mtu ambaye siku moja atakuta gari ya baba yake, ao ya jirani, imekwaruzwa kwa makusudi. Tutaeleza pia makosa yetu, kwa kuwa makosa yale yalitufundisha kuliko kitu kingine.

MAMBO YALIVYOANZA

Mnajua wote namna ilivyotokea. Siku ya kwanza ya juma, mbele ya kupandisha bendera, tulikuta neno moja kwenye mlango wa kushoto wa ile Toyota nyeupe ambayo Bwana Prefe anaiendesha. Liliandikwa kwa msumari, kwa herufi kubwa zilizojaza mlango mzima: MWIZI.

Wakati ule maneno juu ya franga za bati yalikuwa mengi katika masomo yetu. Kila mmoja alikuwa ametoa mchango wa kutengeneza paa la madarasa matatu, na bati zilikuwa hazijaonekana. Sisi hatukuandika neno lile. Lakini lazima tuseme ukweli: asubuhi ile tulilisoma, na wengine kati yetu makapita walicheka.

Shule haikuwa na franga za kupeleka gari kwenye garaji. Siku kumi na moja Bwana Prefe aliendesha na neno lile mlangoni. Alipita nalo Birere, alipita nalo Katindo, na watu wote walisoma. Usiku mmoja mwenzetu wa darasa la nne alishikwa na malaria kali, na gari ileile ndiyo iliyompeleka hospitali. Aliporudi alituambia ya kwamba mlinzi wa mlangoni aliuliza: "Mwizi njo nani hapa, ni dereva ao ni mgonjwa?" Tangu siku ile hatukucheka tena.

Tuliomba ruhusa ya kutengeneza mlango sisi wenyewe. Bwana Prefe alikubali. Alisema tu: "Musiharibu zaidi."

KOSA LETU LA KWANZA

Tuliharibu zaidi. Mmoja wetu alikuwa na mkebe wa rangi nyeupe ya mafuta, uliobaki kwao walipopaka madirisha. Tukafikiri: gari ni nyeupe, rangi ni nyeupe, basi kazi ni ya nusu saa. Tukachukua burashi na kujaza kila herufi. Kivulini ilionekana vizuri. Lakini tuliposukuma gari kwenye jua, wote tukanyamaza. Weupe wa dirisha na weupe wa gari haukuwa mmoja. Neno ambalo mbele lilisomeka paka kwa karibu, sasa lilisomeka toka ng'ambo ya kiwanja.

Tulikwenda kumwita mzee mmoja, fundi wa karoseri katika mtaa wa Mabanga. Alizunguka gari mara moja, akatuangalia, akasema: "Bana bangu, iyi neno muliiandika mara ya pili."

Halafu akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Rangi ya mafuta ya nyumba inakauka upesi juu, lakini ndani inabaki laini siku nyingi. Ukipuliza juu yake rangi ya gari, ambayo imechanganywa na dilia kali, ile ya chini inavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Basi ilikuwa lazima kuiondoa yote. Bahati njema ilikuwa mbichi bado. Tuliifuta kwa vitambaa vyenye petroli ya taa, herufi kwa herufi, kisha tukaosha kwa maji na sabuni. Siku nzima iliisha kwa kuondoa kazi ya nusu saa.

RANGI YA GARI NI KITU GANI?

Mzee fundi alikataa kutupa msasa mpaka tujue kwanza kile tunachotaka kukwangua. Wengi wanadhani rangi ya gari ni kitu kimoja kilichopakwa juu ya chuma. Sivyo. Ni matabaka kadhaa, moja juu ya lingine:

Chini kabisa kuna bati lenyewe la chuma. Unene wake katika magari mengi hauzidi sana milimita 0,7 ao 0,8.

Juu ya bati kuna tabaka la kwanza la kuzuia kutu. Tangu miaka ya 1960 viwanda vingi vilianza kuzamisha gari zima, likiwa bado bati tupu, ndani ya birika kubwa la rangi yenye umeme. Umeme unavuta rangi mpaka kwenye pembe ambazo mkono haufiki.

Tabaka la pili mafundi wanaliita apre. Mara nyingi ni la kijivu. Kazi yake ni kusawazisha na kushika rangi isibanduke.

Tabaka la tatu ndilo rangi tunayoiona: nyeupe, nyekundu, bluu.

Tabaka la nne ni verni, isiyo na rangi, inayong'aa kama kioo. Verni ilienea sana katika miaka ya 1980. Magari ya zamani hayana, na hata ya baadaye, hasa meupe, mengine hayana. Rangi yenyewe ndiyo inang'aa.

Sasa, unene wa matabaka yote pamoja ni kiasi gani? Chukueni karatasi 100 za daftari, mzikaze vizuri, mpime kwa rula. Mtapata karibu sentimita moja, maana yake karatasi moja ni karibu milimita 0,1. Rangi yote ya gari, toka bati mpaka verni, ni unene wa karatasi moja ao moja na nusu hivi. Ni karatasi hiyo tu inayotenganisha chuma na mvua. Mtu anayeshika msumari kwa hasira hahitaji nguvu nyingi ili aipasue.

Hapo zamani, magari ya kwanza yalipakwa verni kwa burashi kama viti vya nyumbani, na kazi ilichukua majuma kwa sababu ya kungoja ikauke. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kupuliza kwenye magari ya Oakland rangi mpya iliyoitwa Duco, inayokauka upesi. Toka hapo viwanda vilikwenda mbio. Lakini sisi wa nyumbani, tusio na tanuru ya kukausha, bado tuko karibu na wale wa zamani: silaha yetu ni kungoja.

KUPIMA KINA CHA MKWARUZO

Hapa ndipo kazi inaanza. Mzee alituambia: "Mbele mutu akamate dawa, aangaliye kwanza kidonda." Kuna njia tatu za kupima, na zote ni za bure.

Njia ya kwanza ni maji. Lowesha mkwaruzo. Ukipotea ukiwa umelowa, na ukarudi ukikauka, haujapita verni.

Njia ya pili ni ukucha. Pitisha ukucha polepole kwa kukata mkwaruzo, si kwa kuufuata. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni wa juu. Ukikwama, umeingia ndani.

Njia ya tatu ni macho. Angalia rangi ya chini ya mfereji. Ukiona kijivu, umefika kwenye apre. Ukiona chuma kinang'aa, ao rangi ya majani ya chai, umefika kwenye bati, na kutu imeanza.

Tulipopima neno letu herufi kwa herufi, tuliona jambo ambalo macho hayakuonyesha. M na W zilifika kwenye chuma. I ya kwanza na Z zilifika kwenye kijivu tu. I ya mwisho haikupita hata rangi nyeupe. Ukucha uliteleza juu yake. Mzee alitia kidole kwenye ile I, akasema: "Uyu mutu alichoka, ao aliogopa." Hatukujibu. Lakini tulielewa ya kwamba neno moja linaweza kuwa na vidonda vya namna tatu, na kila kimoja kinataka dawa yake. Anayetibu vyote namna moja ataharibu kile kidogo, na kile kikubwa hakitapona.

KWA NINI HAPA GOMA USINGOJE

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Sisi hapa tunavyo vyote. Katika zile siku kumi na moja mvua ilinyesha mara nyingi, na herufi M na W, ambazo siku ya kwanza ziling'aa, zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Kutu haikai mahali pake. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba na kuinua rangi ya pembeni. Ukipaka rangi juu ya kutu, unaifunikia tu. Baada ya miezi michache itatokeza vipele na neno litarudi.

Tena mji wetu uko na shida mbili za pekee. Ya kwanza ni moshi wa Nyiragongo. Volkano hutoa gesi ya kiberiti, na gesi hiyo ikikutana na mvua inafanya maji kuwa na asidi. Watu wa Rusayo na Sake, ambako upepo mara nyingi hupeleka moshi, wanajua namna bati za nyumba zinavyoliwa upesi.

Shida ya pili ni vumbi. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya mwaka 2021 ilifika Buhene. Tunatembea juu ya lava, tunajenga kwa lava, na magurudumu yanaisaga kila siku. Vumbi lile jeusi si kama vumbi la udongo. Chembe zake ni ngumu kuliko rangi ya gari. Anayefuta gari asubuhi kwa kitambaa kikavu anaipiga msasa bila kujua. Chukua basi maji mengi kwanza, ndipo kitambaa.

VITU VYA KUTAYARISHA

Tulichanga franga mia tano kila mmoja, na vitu vyote tulivipata Birere. Hivi ndivyo vinavyotakiwa:

1. Ndoo mbili, sabuni laini, siponji na vitambaa safi vya pamba. Fulana ya zamani inafaa sana.
2. Msasa wa maji, ambao wauzaji wanauita papie-alo. Angalia namba nyuma yake: namba ndogo inakwangua sana, namba kubwa inalainisha. Sisi tulitumia 400, 800, 1500 na 2000.
3. Kipande cha kandambili ya zamani, cha kuzungushia msasa. Ukishika msasa kwa vidole tu, vidole vinachimba mifereji.
4. Dawa ya kuzuia kutu, antiruyi, na apre ya kijivu.
5. Rangi yenyewe, na verni. Tulinunua za bombi, zile za kubonyeza, kwa kuwa hatuna kompresere.
6. Skochi ya karatasi na magazeti ya zamani ya kufunika vioo na magurudumu.
7. Polishi ya rangi ya gari, ile pasta ya kung'arisha.

Juu ya rangi, sikilizeni vizuri. Usiseme tu dukani "nipe nyeupe". Magari mengi yana kibati kidogo chenye namba ya rangi. Kwenye Toyota mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango ao chini ya boneti. Tafuta mstari wenye herufi C/TR. Yetu iliandikwa 040, ambayo ni nyeupe ya Toyota inayojulikana sana. Lakini hata namba haitoshi, kwa kuwa jua la miaka mingi limebadilisha gari. Tulipuliza bombi tatu za nyeupe mbalimbali juu ya vipande vya katoni, tukangoja vikauke, tukaviweka kwenye mlango saa sita ya mchana. Tukachagua iliyopotea kuliko nyingine.

KAZI YENYEWE

Kwanza kabisa, osha mlango wote kwa sabuni, suuza mara mbili, kausha. Maji tuliyaleta kwa bidoni toka ziwani, na tuliyachuja kwa kitambaa ili mchanga usibaki ndani. Siponji ikianguka chini, usiirudishe kwenye gari. Chukua nyingine.

Mkwaruzo wa juu (ile I ya mwisho). Hapa msasa mkali si wa lazima. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kwa mkono kwa kuzungusha, bila kukandamiza sana, dakika mbili ao tatu, kisha futa. Rudia. Kama huna polishi, dawa ya meno nyeupe ya kawaida inaweza kusaidia kwa mikwaruzo midogo sana, kwani ndani yake kuna unga laini unaosugua. Tulipofuta, kitambaa chetu kilitoka cheupe. Hiyo ni alama ya kwamba gari haina verni: rangi yenyewe ndiyo inaliwa. Basi usisugue kupita kiasi. Herufi ilipotea kwa robo saa.

Mkwaruzo wa katikati (I ya kwanza na Z). Lowesha msasa wa 800 katika maji yenye sabuni kidogo kwa dakika kumi. Sugua pole pembeni za mkwaruzo mpaka ukucha usikwame tena. Kila mara mwaga maji, futa, angalia. Hatuchimbi mfereji, tunashusha kingo zake ziwe kama mteremko. Halafu sehemu hiyo inapata apre na rangi pamoja na ile ya chini.

Mkwaruzo wa kina (M na W). Hapa tulitumia siku mbili. Kwa msasa wa 400 tulikwangua kutu yote mpaka chuma kikawa kizungu na kung'aa, bila doa hata moja la rangi ya chai. Mzee alikuja kutazama, akatia kidole kwenye pembe ya W. "Iko moja imebakia." Tukarudia. Kisha tukakausha kabisa, kwa sababu chuma tupu kikilala usiku na unyevu, asubuhi kutu imerudi. Siku ileile tulipaka antiruyi kwa burashi ndogo juu ya chuma tu, tukafuata maandishi ya mkebe juu ya muda wa kukauka.

Baada ya hapo inakuja apre. Tikisa bombi mpaka usikie kigololo kinapiga ndani, na uendelee dakika mbili. Simama mbali sentimita 25 ao 30. Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, na uache kubonyeza kabla ya kusimamisha mkono; ukisimama mahali pamoja rangi itatiririka kama machozi. Tabaka jembamba, ngoja dakika kumi na tano, tabaka lingine. Tulipuliza matabaka matatu. Kesho yake tulisawazisha kwa msasa wa 800 na maji, tukafunga macho na kupitisha kiganja. Macho yanadanganywa na rangi, lakini kiganja kinajua. M ilisikika bado. Tukaongeza apre, tukangoja tena. Kwa shimo kubwa zaidi kuna mastike, lakini mkwaruzo wa msumari hauihitaji mara nyingi.

Ndipo inakuja rangi. Tulifundishwa jambo moja la maana: usipake kiraka katikati ya mlango. Macho yatauona mpaka wake mara moja. Kwa kuwa neno letu lilikuwa refu, tulipitisha msasa wa 1500 juu ya mlango wote ili rangi mpya ipate kushika, na tukapuliza mlango wote toka ukingo mpaka ukingo. Pale mlango unapokutana na mlango mwingine, tofauti ndogo ya weupe haionekani. Matabaka manne membamba, dakika kumi na tano kila moja, kisha matabaka mawili ya verni.

Vumbi tulilipigania hivi: tulifunga bashi juu ya gari ili kuzuia jua na majani, tukachagua saa ya asubuhi upepo ukiwa haujaamka, na tukamwagilia maji ile changarawe nyeusi pande zote. Hata hivyo mdudu mmoja alitua kwenye verni. Tulimwacha mpaka akauke. Ungemtoa ikiwa mbichi, ungeharibu mahali pakubwa kuliko yeye.

Mwisho ni kungoja. Rangi ya bombi ikikauka kwa mkono haijakauka kwa ndani. Tulikaa siku saba bila kuigusa. Halafu msasa wa 2000 na maji mengi, kwa mkono mwepesi, kisha polishi. Nta isitiwe mbele ya mwezi mmoja kupita.

MAMBO YA HATARI

Petroli ya taa, dilia na bombi vinashika moto. Tulifanya kazi nje, mbali na jiko la makala, na hakuna aliyeruhusiwa kukaribia na moto. Mvuke wa rangi unaumiza kichwa na mapafu, na kitambaa cha mdomoni hakiuzuii; kinazuia vumbi tu. Simama upande ambao upepo unatoka. Tena kuna verni ya mafundi inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Inang'aa na kudumu kuliko ya bombi, lakini mvuke wake unaweza kumpa mtu ugonjwa wa kupumua usiopona. Hiyo tuwaachie wenye barakoa za kazi.

Na usijifunzie kwenye gari ya mtu. Mzee alituletea mlango mzee toka lundo la vyuma vyake, tukauharibu kwa raha siku moja nzima. Bila mlango ule, makosa yetu yote yangekuwa kwenye gari ya shule.

NENO LA MWISHO

Tumehesabu. Kuandika neno lile kulichukua pengine dakika moja. Kuliondoa kulichukua siku kumi na tatu, pamoja na siku za kungoja, na mikono ya watu wanane.

Siku ya mwisho Bwana Prefe alipitisha kiganja kwenye mlango. Alituambia: "Asanteni. Lakini mwenye swali juu ya franga, alete swali." Tulijitazama. Halafu tukalileta, sisi makapita, kwa heshima, mbele yake: tuliomba hesabu ya mchango wa bati iandikwe na kubandikwa ukutani. Ingekuwa vema tungeomba hivyo mwezi mmoja mbele, badala ya kunong'ona nyuma ya madarasa. Hesabu imebandikwa sasa karibu na mlango wa ekonome. Kila mtu aisome kwa macho yake mwenyewe, na asiyeelewa mstari fulani aulize.

Nani aliandika? Hatujui, na gazeti hili halimtafuti. Tunajua tu ya kwamba neno lilikuwa katika midomo mingi, pamoja na yetu, mbele ya kufika kwenye mlango.

Kazi moja imebakia. Chini ya kitasa, mahali ambapo mguu wa M ulikuwa na kina kuliko pote, ukucha bado unakwama kidogo sana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya kazi za usafi, tutapitisha msasa wa 2000 na polishi mara ya mwisho, na nta. Anayetaka kujifunza aje na fulana ya zamani. Hatutamuuliza mtu kwa nini amekuja.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita wa shule, darasa la sita